Maziwa Manne ya Stanislas

Nianze na jambo ambalo watu wa kambi ya wafanyakazi ya Panda hawalijui mpaka leo: Stanislas hakuwahi kuyaona yale maziwa yake ya mlimani. Hakuyaona hata kwa mbali. Anayetaka kunikasirikia kwa kulisema, anikasirikie. Stanislas amekwisha kuzikwa, mkewe Émérence amenipa ruhusa, na mimi nimechoka kulibeba.

Tuligawana ukuta, wao upande huu, sisi upande ule, katika mji ambao Wazungu waliuita Jadotville na sisi tukaendelea kuuita Likasi. Mume wangu Georges alikuwa fundi wa mabomba kiwandani. Stanislas alikuwa planton katika ofisi ya wachora ramani. Alipeleka karatasi, alifagia, aliwachongea mainjinia penseli. Mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti nzuri ya kanisani. Ungempita barabarani usikumbuke kwamba umempita, isipokuwa kama amefungua mdomo kuhusu safari yake.

Mwaka 1938, injinia mmoja Mbelgiji alimchukua ambebee mizigo mpaka milima ya Ruwenzori, kaskazini kabisa, kwenye theluji. Siku tano za kupanda kwa miguu. Huko juu, alisema Stanislas, kuna maziwa manne, kila moja juu ya mwenzake: la kwanza Jeusi, la pili Kijani, la tatu Kijivu, na la mwisho Jeupe, lililolala chini ya barafu. Mate yanaganda kabla hayajafika chini. Majani ambayo kwetu yanafika goti, kule yanapita paa la nyumba. Na kimya chake ni kimya cha kukufanya usikie damu yako inavyotembea masikioni. Alipofika hapo aliteremsha sauti, na sisi sote tulinyamaza tukasikiliza damu zetu.

Sasa ukweli. Walipofika Albertville, kwenye Ziwa Tanganyika, funza walimwingia Stanislas kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu ukavimba, kiatu kikakataa. Injinia akamwacha pale misheni alinde masanduku mawili, akaenda na wabebaji wengine. Wiki tano Stanislas alikaa kwenye kigoda, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Injinia aliporudi, alimwonea huruma, akamsimulia kila kitu na kumwonyesha picha. Stanislas aliyachukua maneno yale ya mwenzake akayavaa, yakamkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Stanislas ilikuwa na miaka ishirini na miwili na bado ilikuwa inakwenda.

Lakini msifikiri alikuwa anajipatia sifa za bure tu. Uongo ule ndio uliomwoa Émérence. Msichana yule alikuwa anatafutwa na Édouard, dereva wa treni, mtu wa mshahara na kofia. Édouard alimletea vitenge na sabuni ya harufu. Stanislas hakuwa na sabuni, akamletea maziwa manne. Émérence alikuwa amefua nguo za watu tangu ana miaka tisa, na alichokisikia ni kitu kimoja: kwamba kuna maji mahali fulani ambayo hakuna mtu anayefulia nguo ndani yake. Akamkataa Édouard, akaolewa na Stanislas, wakamzaa Martine. Kwa hiyo kila mara Stanislas alipoisimulia safari yake, Édouard alikuwa amekaa pembeni, mikono imefungwa kifuani, akisubiri ajikwae. Na kila mara Stanislas alimwangalia mkewe, akaogopa. Siku Édouard atakapomshika, mkewe atajua kwamba alimkataa mwanamume mwenye kofia kwa sababu ya kidole chenye funza.

Mambo yaliharibika Pasaka ya mwaka 1960. Mwalimu kijana Germain, aliyetoka tu chuoni na vitabu kichwani, alisikiliza hadithi mpaka mwisho, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Tata Stani, juu ya nini hatuende? Weye unajua njia. Siye tuko na miguu."

Stanislas alipaliwa na munkoyo wake, kinywaji chetu cha mahindi, ikabidi Georges ampige mgongoni.

Basi kamati ikaundwa. Enyi msiotujua sisi watu wa kambi, jueni hili: wakati ule wanaume wetu hawakuweza kwenda hata kuvua samaki mtoni Lufira bila kuunda kamati. Kamati ya kwaya, kamati ya mpira, kamati ya kumpokea padri, na kila kamati na kanuni zake zilizoandikwa kwa Kifaransa. Ya milima ilikuwa na wanachama kumi na wawili na vyeo kumi na viwili, maana ungemnyimaje mtu cheo na mwenzake anacho? Georges akawa Makamu wa Pili wa Rais. Germain akawa katibu. Palikuwa na Commissaire wa Blanketi na Commissaire wa Moto. Édouard aliomba ukaguzi, akapewa. Stanislas, kwa kura zote, akawa Guide Général, kiongozi mkuu wa njia. Kanuni zilikuwa vifungu thelathini na kimoja, na cha saba kilihusu nani atabeba mizigo. Kila mmoja aliangalia cheo chake akakuta hakibebi. Kifungu cha saba kikaahirishwa mpaka kikao kijacho.

Safari ilipangwa mwezi wa nane. Émérence alianza kufuma sweta. Masista walimpa sufu, naye akawa anafuma akiwa kwenye mstari wa bomba la maji, anafuma akitoka misa, anafuma akigombana na mimi kuhusu kuku. Aliniambia kwamba wanaume wakienda, naye anakwenda, kamati ipende isipende. Miezi ile Stanislas alikonda. Kila Jumapili jioni nilimsikia kupitia ukuta anatembea huku na huku. Nilidhani ni furaha ya safari, mjinga mimi.

Kisha Julai ikafika, na jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo, likajitangaza kuwa nchi peke yake. Watu walicheka, watu walilia, wengine walifunga milango. Mimi nilikuwa na hofu, maana Baluba wa kaskazini walikuwa majirani zetu na sasa tuliambiwa tuwaangalie vibaya. Lakini hakuna mtu Likasi nzima aliyefurahi kama Stanislas. Alitundika bendera yenye misalaba mitatu ya shaba juu ya mlango, kubwa kuliko ya ofisi ya posta. Kikao kilichofuata alisimama, amejaa huzuni ya kutengeneza.

"Bandugu, ile mulima sasa iko mu inchi ya batu. Minye ningewapeleka hata kesho. Lakini Mukatanga wa kweli hawezi kuenda kutembea mu inchi ya batu bila ruhusa ya ambasade."

Hata Édouard aliinua mkono kukubali, shingo upande. Utajibu nini hapo?

Tangu siku ile Stanislas akanenepa tena, na kamati ikachanua. Kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, walipanga vizuri ajabu. Miaka miwili na nusu walipanga. Walijadili vikao vitatu kama bukari, ugali wetu, itaiva kule juu. Germain alisoma mahali kwamba juu ya mlima maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na unga utabaki mbichi. Wanaume kumi na wawili wakanigeukia mimi niliyekuwa naleta karanga, kana kwamba nilitoka kupika Ruwenzori asubuhi ile.

"Guide, weye ulikuwa kule," Édouard akasema taratibu. "Bukari iliivaka?"

Stanislas hakupepesa macho. "Iliivaka. Lakini ilitaka mukono wa nguvu."

Wakaandika: mkono wa nguvu. Wakamchagua Commissaire wa Mwiko.

Kisha yakaja mazoezi. Oktoba 1962, wakati jua la Likasi linapika mtu na nguo zake, Guide Général aliamuru watembee kila Jumapili wakiwa wamevaa sweta za Émérence, ili mwili uzoee sufu, na mizigo mgongoni ili mabega yazoee uzito. Uzito wa nini? Wa mawe. Kila mtu ajaze mfuko wake mawe. Wakaenda. Jumapili ya tatu, Georges wangu, ambaye Mungu alimpa mabega akasahau kumalizia kichwa, alichoka na mawe ya mviringo yanayomuumiza mgongo. Aliona njiani mawe mazuri, bapa, mazito, akawaita wenzake, wakabadilisha. Mahali penyewe palikuwa kando ya barabara ya Shinkolobwe.

Kama hujui, Shinkolobwe ni ule mgodi wa urani, madini ya bomu, ambao mawe yake hayaguswi. Wakati ule ulikuwa umefungwa, na njiani majandarme, askari wa Katanga, waliweka kizuizi kuhakikisha hakuna hata kokoto moja inayotoka. Na hawa hapa wanaume kumi na wawili, wamelowa jasho ndani ya sweta nzito kwenye jua kali, wanatoka upande wa mgodi na mifuko ya mawe, na kamba, na shoka, na ramani ya nchi jirani iliyochorwa kwa penseli ya ofisi.

Walikalishwa chini kwenye mchanga. Kamanda alimwaga mfuko wa kwanza.

"Hii majiwe ni ya nini?"

"Ya mazoezi, mon commandant," Georges akajibu.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupanda mulima."

Kamanda aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Pale pote ni tambarare na vichaka. Akaichukua ramani.

"Na huu mulima uko wapi? Huku si ku Congo? Munaenda ku ba-adui?"

Hapo Stanislas aliruka juu akapiga kelele kwa sauti yake yote ya kanisani:

"Hatuende, mon commandant! Hatuende hata siku moja! Tunapangaka tu!"

Naamini ndilo neno la kweli kupita yote aliyowahi kusema mbele ya kamati ile. Kamanda hakumwamini. Basi Germain akamkabidhi daftari la kumbukumbu za vikao. Kamanda alisoma akiwa amesimama. Baadaye akakaa juu ya pipa. Baadaye akawaita askari wake waje wasikie, akawa anasoma kwa sauti.

"Article saba. Nani atabeba mizigo. Imeahirishwa. Kikao cha pili: article saba, imeahirishwa. Kikao cha kumi na tisa..." Akainua macho. "Munaahirishaka tangu lini?"

"Tangu Pasaka ya mwaka soixante, mon commandant," mmoja akajibu kutoka mchangani.

"Na weye uko nani?"

"Commissaire wa Mwiko."

Kamanda alijifuta machozi kwa kofia yake. Aliwaambia askari kwamba watu hawa hawawezi kuiba hata kuku aliyefungwa, waache mawe yote pale pale waende makwao. Walirudi jioni, Georges akaingia akaketi. Nilimvua lile sweta. Nikamwambia nilichokuwa namwambia tangu 1960, kwamba ni mjinga, na mara ile alikubali.

Nilidhani sasa wataacha. Hawakuacha. Mpaka ulikuwa umefungwa, na mradi umefungwa, kupanga hakudhuru mtu.

Kisha ukafika Januari 1963. Askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, waliingia mjini, na sisi tulikuwa chini ya vitanda na watoto na kuku. Siku chache baadaye tukatoka mmoja mmoja, tukakuta mji umesimama palepale na Katanga, nchi peke yake, imekwisha. Bendera zilikunjwa haraka kuliko zilivyotundikwa. Nilimwona Stanislas amesimama mlangoni, ameshika ile bendera yake kubwa kama nguo ya marehemu. Nilimwambia pole. Nilidhani anaililia nchi.

Wiki ileile Germain alikuja mbio na baiskeli.

"Guide Général! Barabara iko wazi! Hakuna mupaka tena! Tunaenda mwezi wa sita, konje yangu ya mapumziko nimeshaomba!"

Stanislas alisema ni vizuri sana. Akaingia ndani, akalala, akakataa kula siku mbili.

Siku ya tatu, mchana, Émérence alikuwa anapanga sweta ndani ya sanduku. Stanislas akamwambia aache. Akamwambia kila kitu: Albertville, funza, beseni, picha za injinia. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba lakini sikusikia maneno, nilisikia tu sauti yake ikienda, ikienda. Kisha Émérence akaja kwangu, akakaa jikoni, akaanza kumenya karanga. Alimenya karanga siku tatu. Chakula hakumpikia. Nilimuuliza mara moja, akaniangalia, nikaacha. Mimi si mtu wa kuacha kuuliza, kwa hiyo jua jinsi alivyoniangalia.

Siku ya tatu ya karanga, jioni, alijifuta mikono, akarudi kwake. Aliyomwambia mumewe alinieleza baada ya miaka mingi, tukiwa wajane wote wawili.

"Baba Martine, siku ile ulikuja kwa mama yangu, uliniambiaka neno moja. Ulisema: nilipofika ku ziwa ya mwisho niliona ile uzuri, nikasema, mutu hapaswe kuona kitu ya namna hii peke yake, nikirudi nitatafuta bibi. Hii nayo ilikuwa ya injinia?"

"Hapana," Stanislas akajibu. "Injinia hakuwa na mawazo ya bibi. Hii ilikuwa yangu. Niliiwaza pale Albertville, mguu mu beseni."

Émérence akamsogezea viatu.

"Basi vaa viatu," akasema. "Leo iko kikao."

Mwanamke hakuwahi kuingia kwenye kikao kile isipokuwa na sahani. Émérence aliingia mikono mitupu, akasimama katikati, Stanislas nyuma yake rangi ya majivu.

"Tunaondoka tarehe mbili mwezi wa sita, na treni ya asubuhi," akasema. "Konje za Baba Martine za miaka hii yote hakuzichukua, sasa amezipata. Nani anakuja?"

Ningependa mngeziona zile nyuso. Kumbe miaka ile yote hakuwa mtu mmoja tu aliyejificha nyuma ya mpaka. Rais wa kamati akakumbuka kwamba ana mashamba. Commissaire wa Blanketi akasema kifua chake hakipatani na baridi, jambo la ajabu kwa mtu wa cheo kile. Georges wangu alipata maumivu ya mgongo palepale, nikayaona yanavyomwingia. Germain mwenyewe, mwenye baiskeli na konje, alisema kwa sauti ndogo kwamba kuna binti fulani Kambove, wazazi wake wametaka majibu kabla ya mwezi wa sita. Édouard alisema reli ya kule si yake. Waliomboleza, wakajuta, wakamshika Stanislas mkono mmoja mmoja. Hakuna aliyemuuliza njia.

Basi walienda wawili. Treni, lori, meli, lori tena. Majuma saba hatukupata hata neno, na Édouard alikuwa anasema kila Jumapili kwamba wako kwa binti yao Martine, kule Kolwezi, wanakula ndizi.

Walirudi Jumamosi, wamechomwa na jua, wamekonda, Stanislas anachechemea. Kambi nzima ilijaa uani kwao. Tulileta viti, tulileta munkoyo, tulikaa tusikie. Na Stanislas, ambaye angeweza kusimulia mpaka jogoo achoke, alisema: "Kulikuwa baridi. Kulikuwa matope. Tuliona maji." Hadithi ikaishia hapo. Watoto walilalamika, wakataka ile ya zamani. Akatikisa kichwa.

Najua sasa kwamba walifika ziwa la kwanza tu, lile Jeusi. Mvua iliwapiga siku nne, kiongozi waliyempata kule chini akakataa kuendelea, unga uliisha, na bukari haikuiva hata kidogo. Walikaa kando ya maji yale nusu saa. Lakini siku ile hakuna aliyejua, na Édouard aliona saa yake imefika baada ya miaka ishirini na mitano. Alisimama, akavua kofia kwa heshima, akamgeukia Émérence.

"Mama Martine, weye haujuake kusema bongo, weye ni mutu wa kweli. Sema mbele ya batu bote. Ulikuta ni vile alitwambiaka?"

Stanislas aliangalia miguu yake.

"Hapana," Émérence akasema.

Niliona Édouard anavuta pumzi. Niliona Stanislas anafumba macho.

"Hapana," akasema tena. "Hakutwambiaka yote. Alikuwa anapunguza."

Édouard alibaki amesimama na kofia mkononi, kisha akakaa. Stanislas aliinuka, akasema anakwenda kuongeza maji kwenye mtungi, akaenda nyuma ya nyumba, na alikawia sana huko.